Kutoka Shamba la Majaribio hadi Parishi Nzima: Mwongozo wa Kueneza Teknolojia za Kilimo kwa Wakulima Wadogo wa Uganda

Mwongozo huu ni kwa afisa ugani wa kaunti ndogo, kiongozi wa ushirika au msimamizi wa mradi ambaye tayari ana jambo lililofanya vizuri katika mashamba machache, na sasa anaulizwa, ama na wakubwa wake ama na wanachama wake, ni lini litawafikia wakulima elfu mbili. Haufundishi namna ya kuvumbua. Uganda haina uhaba wa uvumbuzi: Shirika la Taifa la Utafiti wa Kilimo, NARO, kupitia vituo vyake vya Namulonge, Kawanda na Serere na vile vya kanda kama Ngetta, Abi na Kachwekano, limetoa aina nyingi za mihogo, mahindi, maharage, viazi vitamu na migomba. Hata hivyo, si ajabu kukuta kijiji kisicho mbali na kituo cha utafiti ambako mkulima bado anapanda mbegu aliyopewa na mama mkwe wake siku alipoolewa.

Tabia hiyo mara nyingi huitwa ukaidi au ujinga, nami siikubali tafsiri hiyo. Mbegu ya mama mkwe ina sifa moja ambayo mbegu nyingi za mradi hazina: ipo kila msimu, karibu na nyumbani, bila kujaza fomu. Sharti linaloongoza hatua zote zinazofuata limetokana na hapo. Teknolojia huhesabiwa kuwa imeenea pale tu mkulima anapoweza kuipata tena msimu wa pili na wa tatu kwa fedha yake au kwa jitihada zake, hata kama gari la mradi halitafika tena kijijini.

Tenga misimu minne hadi sita. Katika maeneo yenye mvua mbili, yaani sehemu kubwa ya Buganda, Busoga na magharibi, hiyo ni miaka miwili hadi mitatu. Karamoja, ambako kuna msimu mmoja wa kupanda kwa mwaka, muda huo huongezeka maradufu. Mfadhili anayetaka kila kitu katika miezi kumi na minane aambiwe ukweli huo kabla ya mkataba kutiwa saini.

Hatua ya kwanza: chagua jambo moja, na ulipime kwa gharama ya mkulima

Usianze na furushi. Miradi mingi huleta kwa pamoja mbegu, mbolea, nafasi mpya ya kupandia, dawa na namna ya kuhifadhi, kisha hushangaa mkulima mwenye ekari mbili anapochukua mbegu peke yake na kuacha mengine yote. Mkulima huyo anapima hatari, na ana haki ya kufanya hivyo. Mpe kwanza kile ambacho matokeo yake yanaonekana ndani ya msimu mmoja, na mengine yafuate baada ya imani kujengeka.

Kigezo cha kwanza ni kama watu watakipenda kwa sababu zao wenyewe. Viazi lishe, yaani viazi vitamu vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A, ni mfano mzuri kwa Uganda. Aina za Kakamega na Ejumula ziliidhinishwa mwaka 2004, zikiwa na faida kubwa kwa afya ya watoto, lakini watu wazima wengi hapa hupenda kiazi kikavu chenye unga, na viazi vingi vya rangi ya chungwa vilikuwa na majimaji vikipikwa. Watafiti wa Namulonge hawakujibu kwa kuongeza mahubiri juu ya vitamini. Walirudi kwenye uzalishaji wa aina mpya, na mwaka 2007 zikatoka NASPOT 9 O na NASPOT 10 O, ile ya pili ikijulikana zaidi kwa jina la Kabode, ambazo ziliukaribia zaidi mdomo wa mlaji. Dkt. Robert Mwanga, Mganda aliyeongoza sehemu kubwa ya kazi hiyo, alikuwa miongoni mwa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Afisa ugani anayejaribu kueneza chakula asichokila nyumbani kwake mwenyewe afikirie jambo hilo.

Kigezo cha pili ni nguvu kazi. Mnyauko wa bakteria wa migomba ulipoonekana Uganda mwaka 2001, ukianzia Mukono, wakulima walishauriwa kung'oa shina zima pamoja na machipukizi yake yote na kulizika. Ushauri ulikuwa sahihi kisayansi, lakini kung'oa mashina kumi ya matoke ni kazi ya siku nyingi kwa mjane anayeishi na wajukuu, na wengi hawakuifanya. Ushauri uliokuja baadaye ulikuwa mwepesi: kata mgomba mgonjwa peke yake usawa wa ardhi mara dalili zinapoonekana, ondoa ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya panga, na safisha panga kwa moto au kwa Jik, dawa ya kung'arishia nguo, kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Jambo likishindikana kwa wengi, tafuta kwanza toleo lake jepesi kabla ya kuongeza mafunzo.

Uliza pia: kazi ya ziada itamwangukia nani, mwanamume, mwanamke au watoto? Fedha inahitajika mwezi gani? Mvua ikikatika, mkulima atapoteza kiasi gani kuliko ambavyo angepoteza kwa njia yake ya zamani? Je, jambo hili linaingia katika eneo alilonalo? Katika makazi ya wakimbizi ya West Nile, ambako familia imepata kiwanja cha mita 30 kwa 30, hakuna maana ya kuleta mfumo wa kilimo unaodai robo ya ardhi ilazwe. Huko Kigezi maharage ya kutambaa huzaa vizuri kuliko ya kichaka, lakini yanataka miti ya kuegemea, na penye uhaba wa miti hesabu hubadilika. Teknolojia isiyopita maswali haya iache, hata kama imekwisha kugharimiwa.

Hatua ya pili: ijaribu mikononi mwa wakulima wa kawaida

Chagua wakulima kumi hadi kumi na watano katika parishi moja, yaani eneo la utawala lenye vijiji kadhaa, ile ambayo Waganda huiita muluka, na wachanganye: mwenye ardhi ya kutosha na asiyenayo, kijana anayekodi, mwanamke aliyeolewa na anayeishi peke yake. Jihadhari na mkulima wa mfano, yule ambaye kila mradi humwendea kwa sababu ana pampu na mtoto anayefanya kazi wilayani. Shamba lake litapendeza kwenye picha, lakini jirani akipita atasema, “yule ana uwezo,” na ataendelea na safari yake.

Kila mkulima apande kitu kipya na cha zamani bega kwa bega, mathalani mita kumi kwa kumi kila kimoja, siku moja, palizi moja. Cha zamani kiwe kile anachokitumia yeye, si kile kilichoandikwa kwenye mwongozo wa mradi. Wakati wa mavuno mpime hadharani, mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na majirani, na kama ni chakula kipikwe hapohapo na wanawake wa kijiji waonje bila kuambiwa kipi ni kipi. Rudia msimu wa pili, kwa kuwa mvua nzuri ya msimu mmoja huweza kuificha kasoro yoyote ile.

Kosa linaloharibu majaribio mengi ni kuweka mbolea ya bure ambayo hakuna atakayeinunua baadaye. Azimio la Abuja la mwaka 2006 lililenga Afrika ifikie kilo 50 za virutubisho vya mbolea kwa hekta. Mkulima mdogo wa Uganda yuko mbali sana na kiwango hicho, na wengi hawatumii hata kidogo. Kwa hiyo jaribu mbegu mpya kwanza katika udongo kama ulivyo, kisha kwa samadi, kisha kwa kipimo kidogo cha mbolea ya dukani ambacho fedha ya mkulima inaweza kukifikia. Ikiwa ubora wa mbegu unaonekana tu penye kipimo kamili cha DAP na Urea, basi unachotaka kueneza ni mbolea, na hiyo ni kazi nyingine yenye bei nyingine.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya mbegu kwa kurudi nyuma

Hapa ndipo mipango mingi hufia, tena kimyakimya, kwa sababu hesabu yenyewe ni nyepesi kiasi kwamba kila mtu hudhani mwenzake ameifanya. Chukua mihogo. Unataka kuwapa wakulima 2,000 pingili 200 kila mmoja, ambazo kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja zinatosha eneo la mita za mraba 200 tu. Unahitaji pingili 400,000. Shina moja lililokomaa hutoa kwa wastani pingili kumi zinazofaa, na ekari moja hubeba mashina kama 4,000, hivyo ekari moja itakupa pingili 40,000. Maana yake unahitaji ekari kumi za mashamba ya mbegu. Ili kuzipanda ekari hizo kumi, ulihitaji pingili 40,000 mwaka mmoja kabla, yaani ekari moja. Na ili kuipanda ekari hiyo moja ulihitaji pingili 4,000 safi kutoka kituo cha utafiti mwaka mwingine nyuma zaidi. Mihogo huchukua karibu mwaka kukomaa kwa ajili ya kukatwa pingili. Kwa hiyo anayeanza na pingili 4,000 mwezi Machi mwaka huu ataweza kuwahudumia wakulima wake 2,000 mwezi Machi wa mwaka wa tatu, na si kabla. Ongeza robo ya eneo kwa ajili ya ukame, mbuzi, na mashamba yatakayokataliwa na mkaguzi.

Mashamba kukataliwa ni jambo la kutarajiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990 ugonjwa mkali wa batobato uliitesa mihogo ya Uganda hata katika maeneo mengine watu wakaacha kuilima, na nchi iliokolewa na aina zinazostahimili za mfululizo wa NASE zilizozalishwa kwa wingi na kusambazwa. Kisha, kuanzia mwaka 2004, ugonjwa mwingine, michirizi ya kahawia, ukajitokeza upya na kuzishambulia aina zilizokuwa zimeshinda batobato. Magonjwa yote mawili hubebwa na inzi weupe, lakini pia husafiri ndani ya pingili, na anayegawa pingili chafu kwa wakulima 2,000 anasambaza ugonjwa kwa kasi ambayo inzi asingeifikia. Dalili za michirizi ya kahawia huweza kujificha kwenye majani; kabla ya kukata pingili ng'oa mashina kadhaa sehemu mbalimbali za shamba, pasua mizizi, na ukiona nyama yake ina madoa makavu ya kahawia usigawe kitu kutoka shamba hilo. Tumia aina zilizotolewa baada ya hapo kama NASE 14, iliyoidhinishwa mwaka 2011, au NAROCASS 1 ya mwaka 2015, ukiuliza kwanza kituo cha kanda ni ipi inayostahimili zaidi katika eneo lako.

Viazi vitamu vina hesabu ya aina nyingine. Ekari moja kwa nafasi ya mita moja kati ya matuta na sentimita 30 kati ya mimea hutaka marando kama 13,000, na marando hayahifadhiki: yakikatwa leo yapandwe ndani ya siku mbili tatu. Haifai basi kuwa na shamba moja kubwa la mbegu makao makuu ya wilaya. Wanaohitajika ni wazalishaji wadogo wengi, kila mmoja karibu na bonde au chemchemi, ambao hukaa na marando hai wakati wa kiangazi na kuyauza mvua inapoanza. Pasipo na bonde, wafundishe wakulima kuhifadhi viazi vidogo visivyo na wadudu katika mchanga mkavu ndani ya nyumba baada ya mavuno, kisha kuvipanda kwenye kitalu na kuvimwagilia wiki sita hadi nane kabla ya mvua. Njia hii inafaa sana Teso na kaskazini, ambako kiangazi ni kirefu na marando ya shambani huisha.

Maharage huzidi kwa kiasi kinachokaribia mara kumi kama mihogo, lakini kwa miezi mitatu, kwa hiyo misimu miwili hukufikisha mbali. Kikundi cha wakulima chaweza kuzalisha mbegu za kuazimiwa ubora, zenye lebo ya kijani, ambazo hukaguliwa na kuuzwa kwa wakulima wa jirani. Ni rahisi zaidi kuzimudu kuliko mbegu zilizothibitishwa za kampuni, zenye lebo ya buluu, na kwa mazao ambayo kampuni hazina hamu nayo ndiyo njia pekee inayodumu. Mpe mzalishaji wa mbegu bei inayozidi bei ya nafaka ya chakula, la sivyo ataila au ataiuza sokoni, na hatakuwa amekosea.

Mahindi chotara hayazalishwi na kikundi. Mkulima aambiwe wazi kwamba chotara hununuliwa kila msimu, na kwamba akirudia mbegu ya mavuno mazao yatashuka, ilhali aina ya kawaida kama Longe 5 anaweza kuihifadhi kwa misimu miwili mitatu akichagua vizuri. Kuna pia tatizo la ughushi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa mbegu za mahindi chotara zilizonunuliwa katika masoko ya Uganda zilifanya kazi kana kwamba chini ya nusu yake ndiyo ilikuwa chotara halisi. Ukiwahimiza wakulima wanunue chotara bila kuwaelekeza pa kuinunua, unawapeleka kupata hasara kwa jina lako.

Hatua ya nne: tafuta duka, mnunuzi na mashine kabla ya kutafuta wakulima

Mpunga wa nchi kavu wa NERICA ulisambazwa Uganda kwa nguvu kubwa ya kisiasa miaka ya mwanzo ya 2000, na ulipokelewa kwa shangwe. Watafiti waliofuatilia kaya zilezile waligundua kwamba zaidi ya nusu ya waliokuwa wakiupanda mwaka 2004 walikuwa wameuacha mwaka 2006. Mvua isiyotabirika ilichangia, na vilevile umbali wa vinu vya kukobolea. Mpunga usiokobolewa hauliki wala hauna bei nzuri, na kuubeba kwa boda boda kilomita thelathini hula faida yote. Palipokuwa na kinu karibu, hadithi ilikuwa nyingine.

Kwa hiyo chora ramani ya parishi na uandike: nani anauza pembejeo, anafungua siku gani, ana stakabadhi ya usajili au hana, mashine ya kusaga au kukoboa iko wapi, na mfanyabiashara gani hununua zao hili na kwa kipimo gani. Kaa na mwenye duka kabla ya msimu na umwonyeshe idadi ya wakulima waliojiandikisha, kwa sababu yeye pia anaogopa kubaki na mzigo. Mifuko ya tabaka tatu ya kuhifadhia nafaka bila dawa, ambayo huua fukusi kwa kuwanyima hewa, inafaa sana kwa mkulima anayetaka kungoja bei ipande, lakini katika vijiji vingi haipo dukani kwa sababu mwuzaji hakuwahi kuona mtu akiiulizia, na mkulima haiulizii kwa sababu hajawahi kuiona. Mzunguko huo huvunjwa kwa oda ya pamoja, kikundi kikilipa nusu mapema. Mradi unaogawa mifuko bure katika kijiji chenye duka unamfukuza mwenye duka, na mwaka unaofuata hakuna mradi wala duka.

Hatua ya tano: linganisha fedha na kalenda

Vikundi vya kuweka na kukopa viko karibu kila kijiji, na ndivyo chombo bora zaidi cha fedha nilichokiona kwa kazi hii, lakini kalenda yake hupingana na ya shamba. Vikundi vingi hugawana hisa mwezi Desemba. Sikukuu zinakula sehemu, ada ya shule mwanzoni mwa Februari inakula iliyobaki, na mvua ya Machi inamkuta mkulima mikono mitupu. Kuna marekebisho mawili. Kikundi kinaweza kusogeza mgao hadi mwisho wa Februari, jambo ambalo wanachama wengi hulipinga kwa sababu ya Krismasi. Au siku ileile ya mgao mwenye duka akaribishwe, na kila anayependa alipie mbegu zake papo hapo, apewe risiti, na azichukue mvua ikikaribia. La pili hukubalika kwa urahisi zaidi. Kwa msimu wa pili, unaoanza Agosti au Septemba, anzisheni mfuko mdogo wa pembejeo wenye daftari lake, usioguswa kwa misiba wala harusi.

Mpango wa Maendeleo ya Parishi, uliozinduliwa Kibuku mwezi Februari 2022, hupeleka shilingi milioni 100 kwa kila parishi kwa mwaka, na kaya hukopa hadi milioni moja kupitia SACCO ya parishi. Ni fursa, na ni busara kukihakikisha kikundi chako kimesajiliwa na kimeandika mpango wa zao husika mapema. Lakini usiijenge teknolojia yote juu ya fedha hizo, kwa sababu zamu ya mkulima inaweza kuja msimu umeshapita. Msingi uwe akiba ya kikundi; mkopo wa parishi uongeze upana wa shamba.

Hatua ya sita: funza kidogo, kwa lugha ya nyumbani, kupitia wakulima

Mradi wa kueneza viazi lishe uliofikia kaya zipatazo 10,000 katika wilaya za Kamuli, Bukedea na Mukono hadi mwaka 2009 ulilinganisha njia mbili: katika ya kwanza mafunzo na ziara ziliendelea miaka miwili, katika ya pili yalipunguzwa sana baada ya mwaka wa kwanza. Viwango vya kupokea viazi havikutofautiana kwa maana yoyote. Kwa anayetaka kupanuka, matokeo hayo yana thamani ya fedha, kwani gari, mafuta na posho za mafunzo ndivyo humeza bajeti. Kinachookolewa huko kiende kwenye marando na pingili.

Mchague mkulima mwezeshaji mmoja kwa vijiji viwili au vitatu, aliyekuwa katika majaribio na anayeheshimika, naye apewe baiskeli, mbegu za kwanza za kuuza na haki ya kubaki na faida yake, badala ya mshahara utakaokoma. Hakikisha nusu ni wanawake, na mikutano ifanyike saa ambazo mwanamke ametoka shamba lakini hajaanza kupika. Katika nyumba nyingi mwanamke hulima maharage na viazi huku ardhi na fedha za mauzo zikiwa mikononi mwa mume. Mwite mume pia, siku ya kupima mavuno, ili uamuzi wa kutenga eneo msimu ujao ufanywe na wote wawili.

Kuhusu lugha, Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, na kitakufaa Kyangwali na Nakivale kwa wakimbizi waliotoka Kongo, na katika masoko ya Busia na Arua. Kwa bibi wa Kumi tumia Kiateso. Redio za wilaya zinazozungumza lugha za wenyeji hufanya kazi bora kuliko kipeperushi chochote, mradi anayeongea awe mkulima aliyevuna, ataje kilo zake, ataje na kilichomsumbua.

Hatua ya saba: penye hatari ya pamoja, weka sheria ndogo

Teknolojia nyingi humfaidi anayeitumia hata kama jirani anaikataa. Mnyauko wa migomba hauko hivyo: shamba moja lisilotunzwa, hasa lenye Kayinja, mgomba wa pombe ambao wadudu huuambukiza kwa urahisi kupitia ua dume, hurudisha ugonjwa kwa kila mtu. Kwa mambo ya namna hii wito wa hiari hautoshi. Mkutano wa kijiji upitishe sheria ndogo yenye siku maalumu ya kuondoa maua dume na kamati ya kukagua, na kaya zisizo na nguvu zisaidiwe na vijana badala ya kutozwa faini.

Hatua ya nane: panua kwa ujirani, pima waliorudia, kisha jiondoe

Kutoka parishi moja nenda mbili zinazopakana nayo, halafu nne, huku wazalishaji wa mbegu na maduka wakiongezeka kwanza. Usiruke milima. Kilichofaulu Masaka hakina ahadi yoyote kwa Moroto, na hata ndani ya wilaya moja ya Mbale mwinuko hubadilisha kila kitu. Ukivuka ukanda wa mvua au wa mwinuko, rudi hatua ya pili na ujaribu upya kwa msimu mmoja angalau.

Takwimu ya kwanza ambayo kila ripoti hupenda ni idadi ya waliopewa mbegu. Iandike, lakini usiitegemee. Msimu wa pili baada ya ugawaji, tembelea kaya chache zilizochaguliwa kwa kura na uulize mambo matatu: je, umepanda tena, mbegu umeipata wapi, na eneo limeongezeka au limepungua. Walioacha uwatembelee wote, kwa kuwa mmoja wao atakueleza katika dakika kumi kile ambacho waliobaki wanakuficha kwa heshima. Waliogeuza mafundisho, kwa mfano waliobadilisha nafasi ya kupandia ili kuchanganya na karanga, wasikaripiwe. Pima mavuno yao.

Ikiwa katika parishi ya kwanza wengi wa waliorudia wamepata mbegu kwa jirani, kwa mzalishaji au dukani, na si kwako, acha kugawa hapo mara moja na upunguze ruzuku katika parishi inayofuata. Ikiwa wengi bado wanakungoja wewe, usipanuke. Rudi hatua ya tatu na ya nne utafute penye pengo. Kabla ya kuondoka andaa orodha ya wazalishaji wa pingili, marando na mbegu, kijiji chake, aina walizonazo na mwezi wanaouza, uipeleke kwa afisa wa kilimo wa kaunti ndogo, ibandikwe kwenye ofisi ya parishi na katika maduka ya pembejeo, na isomwe redioni katikati ya Februari na tena mwanzoni mwa Agosti.